Dohani kwanza, jiko baadaye

Kabla ya kununua jiko la chuma la kupachika kwenye meko ya sebuleni, mwenye nyumba wa nyanda za juu ana kazi ya kufanya juu ya paa, kwenye banda la kuni na kwa futi kamba.

Kipupwe kinapoingia Nyanda za Juu Kusini, mwenye meko sebuleni hujihesabu kuwa na bahati. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Makete, juu kwenye uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi ambazo nyasi huamka zimefunikwa na sakitu. Mufindi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai hata jua likiwa limekwisha kupanda. Katika hali hiyo, moto wa kuni unaowaka ukutani, wakubwa wameuzunguka na watoto wamejilaza kwenye mkeka, ni neema.

Lakini ukikaa hapo nusu saa utaona jambo. Uso unaungua, mgongo unaganda. Aliyekaa kwenye kochi la mbali bado amejifunika shuka. Mlango wa korido ukifunguliwa, ubaridi unapita chini ya miguu kuelekea motoni. Tita la kuni lililoletwa jioni linakwisha kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, na vyumba vya kulala vimebaki na baridi ileile.

Meko za namna hii ni nyingi kuliko watu wa pwani wanavyodhani. Zimo katika nyumba za mameneja wa mashamba ya chai, katika nyumba za misheni, na katika majengo makongwe ya Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Na bado zinajengwa. Wafanyabiashara wa mbao, wakulima wa parachichi na wastaafu waliorudi nyumbani wanamwomba fundi uashi awaachie nafasi ya moto sebuleni, mara nyingi kwa kuiga picha.

Kwa wote hao, makala haya yana ushauri mmoja. Meko ya wazi inaweza kugeuzwa kuwa chanzo cha joto la kweli kwa kupachika ndani yake jiko la chuma lenye mlango. Lakini jiko hilo liwe kitu cha mwisho kununuliwa. Dohani itangulie, zifuate kuni, kisha vipimo vya chumba. Mwenye kuanzia dukani hurudi na jiko zuri ambalo nyumba yake haiwezi kulitumia.

Joto linakokwenda

Moto wa wazi unameza hewa. Dohani huvuta kutoka chumbani hewa nyingi kuliko kuni zinavyohitaji ili ziwake, na hewa hiyo ndiyo ileile uliyokwisha kuipasha. Inapotoka juu, nafasi yake inachukuliwa na hewa ya nje inayopenya chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha. Ndiyo sababu vyumba vya mbali huweza kuwa na baridi zaidi moto ukiwaka kuliko ukiwa umezimwa.

Tufanye hesabu kwa kipimo tunachokijua wote, yaani yuniti za LUKU. Kilo 10 za kuni zilizokauka vizuri zina nishati ya takriban yuniti 40. Meko ya wazi hubakiza chumbani asilimia 10 hadi 15 tu ya nishati hiyo, sawa na yuniti 4 hadi 6. Zilizobaki zinapasha mawingu. Jiko zuri la kupachika hubakiza asilimia 65 hadi 80. Tukilikadiria kwa asilimia 70, kuni zilezile zinakupa yuniti 28. Kwa maneno mengine, joto ulilokuwa ukilipata kwa kilo 10 unaweza kulipata kwa takriban kilo 2.

Siri yake iko katika mambo mawili. La kwanza ni mlango. Ukifungwa, jiko huvuta hewa kidogo tu, kwa kiasi unachokitaka wewe, kupitia matundu yenye vilango vya kurekebisha. La pili ni kwamba moshi wenyewe ni kuni. Gogo likipashwa moto hutoa gesi, na sehemu kubwa ya nishati yake imo katika gesi hizo. Kwenye meko ya wazi nyingi hupaa zikiwa hazijaungua. Jiko lililosanifiwa vizuri huingiza hewa ya moto kwa juu, ikakutana na gesi hizo chini ya bamba la chuma, na hapo zinawaka mara ya pili. Ukiona ndimi za moto zinacheza juu ya magogo bila kuyagusa, ujue jiko linachoma moshi wake.

Tatizo hili lina umri mrefu. Katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin, huko Pennsylvania, alibuni jiko la chuma la kuweka ndani ya meko kwa sababu aliona joto jingi likipotea dohanini. Miaka ya 1790, Mmarekani mwingine, Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alirekebisha meko za London kwa kupunguza kina chake, kupanua kuta za pembeni kwa mshazari na kubana koo la dohani. Mafunzo yake yanafaa hata leo kwa fundi uashi anayejenga meko mpya Njombe, kwani meko nyingi mpya ni za kina kirefu na zina koo pana, na hizo mbili ndizo kasoro alizozirekebisha.

Anza juu ya paa

Dohani ndiyo injini ya jiko. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda, na kwa kupanda kwake huvuta hewa mpya chini. Dohani ikiwa fupi, pana mno, yenye nyufa au yenye baridi, hata jiko la bei kubwa kuliko yote litafuka moshi sebuleni.

Kwanza tazama urefu. Watengenezaji wengi wa majiko wanataka mita 4.5 kuanzia kwenye sakafu ya meko hadi mdomo wa dohani. Nyumba nyingi za chini zinakaribia kipimo hicho bila kukifikia. Kwa sisi tunaoishi juu kuna nyongeza. Kwenye kimo cha mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo mvuto wa dohani nao unapungua. Kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha jiko kutoka Ulaya kichukuliwe kuwa cha chini kabisa, na nusu mita ya ziada si anasa.

Pili, tazama mdomo unavyosimama dhidi ya paa. Kanuni inayotumika sana Marekani ni kwamba dohani izidi paa kwa sentimita 90 pale inapotokeza, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa upande, uwe mgongo wa paa au ukuta wa ghorofa la jirani. Ikiwa chini ya hapo, upepo unaopiga paa hugeuka na kuusukuma moshi urudi ndani.

Tatu, tazama ndani. Hapa ndipo penye hatari. Dohani nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, bila bomba la udongo wala la chuma ndani yake. Saruji hiyo ikipashwa na kupoa msimu baada ya msimu hupasuka. Ufa ukitokea sebuleni unauona. Ukitokea juu ya dari huuoni, na huko ndiko kenchi za mbao zilikolala ubavuni mwa dohani.

Fundi anayejua kazi yake hufanya jaribio dogo. Huwasha mekoni majani mabichi kidogo juu ya makaa, akasubiri moshi mzito uanze kutoka juu, kisha mwenzake aliye juu ya paa huufunika mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa. Hapo yeye mwenyewe hupanda darini na tochi. Moshi uliozuiwa hutafuta njia, na kila ufa hujitaja: uzi mwembamba wa kijivu unachirizika kwenye kiungo cha tofali, au wingu dogo linakusanyika mahali kenchi inapogusa lipu. Jaribio hili halichukui muda mrefu wala halihitaji kifaa cha dukani. Madirisha yawe wazi, watoto wawe nje, na gunia liondolewe mara tu uchunguzi unapokwisha.

Dohani iliyopasuka, na hata ile nzima lakini pana mno, ina tiba ya kudumu: bomba la chuma kisichoshika kutu, linalopitishwa kutoka juu hadi chini na kufungwa moja kwa moja kwenye shingo ya jiko. Kwa jiko la kuni chagua chuma cha daraja la 316, kinachostahimili vizuri tindikali ya moshi. Majiko mengi ya nyumbani hutumia bomba la kipenyo cha milimita 150. Mtengenezaji akitaja kipimo, kifuate.

Wapo watakaokuambia bomba si lazima, jiko lisukumwe tu ndani ya meko na moshi utajipeleka. Usikubali. Jiko hutoa moshi mchache na uliopoa kuliko ule wa meko ya wazi. Moshi huo ukiingia kwenye dohani pana hupanda polepole, hupoa zaidi, na mvuke wake hugandia ukutani pamoja na masizi na kuwa utando mweusi unaonata, unaoitwa kriosoti. Utando huo unashika moto. Dohani ikiungua kwa ndani, joto linaweza kuvuka nyuzi 1,000, na nyumba yenye kenchi zinazogusa dohani haina muda wa kungoja zimamoto.

Kuni ni nusu ya jiko

Mkoa wa Njombe na Wilaya ya Mufindi vina utajiri wa miti ya kupandwa. Shamba la Miti la Sao Hill ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini. Miwati ya Njombe imekuwa zao la biashara tangu ilipoanzishwa kampuni ya TANWAT mwaka 1949. Kwa hiyo hapa kuni hazikosekani. Zinazokosekana ni kuni kavu.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukitia kilo moja ya kuni mbichi jikoni, umetia karibu nusu lita ya maji, na moto lazima uyachemshe yote kabla haujakupasha wewe. Matokeo yake ni joto karibu nusu ya lile la kilo moja ya kuni kavu, kioo cheusi, na kriosoti inayojengeka dohanini kila usiku. England walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba tangu Mei 2021 kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo zinatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 20. Kipimo hicho kitufae na sisi.

Kukausha kuni ni kazi ya mwaka mmoja mbele. Gogo zima lenye ganda hukauka polepole sana, kwa hiyo lichanjwe kwanza. Panga vipande juu ya fito au mabanzi visiguse ardhi, uviezekee juu dhidi ya mvua, uache pembeni wazi upepo upite. Turubai lililofunika kila upande huzuia unyevu usitoke. Kuni zilizochanjwa Agosti na kuhifadhiwa hivyo zitakuwa na nafasi nzuri ya kufaa kipupwe kinachofuata, ingawa mkaratusi, ambao ni mzito, unaweza kudai muda zaidi.

Utazijuaje? Miisho yake ina nyufa zinazotoka katikati kama miale, ganda linabanduka kwa mkono, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kali, si kwa kishindo kizito. Mwenye mizani anaweza kufanya zaidi: atie alama kipande kimoja katikati ya rundo, akipime kila baada ya wiki mbili na aandike uzito wake. Kikiacha kupungua, rundo liko tayari.

Kuhusu aina, miwati na mikaratusi huwaka muda mrefu na kuacha makaa mazuri. Misindano huwaka haraka na kwa ukali, hivyo inafaa kuwashia. Ikiwa kavu haina ubaya.

Lakini kuna mbao moja isiingie jikoni kamwe. Karibu na viwanda vya nguzo hupatikana mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, yenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, na watu huyaokota kama kuni. Dawa inayotia rangi hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Moto hauiui sumu ya aseniki. Sehemu yake hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, ambayo kesho yake mama atayamwaga bustanini kwenye mchicha. Mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi na plastiki nazo zikae mbali na jiko.

Chumba kinahitaji kilowati ngapi?

Baada ya dohani na kuni, sasa chukua futi kamba. Pima urefu, upana na kimo cha sebule. Tuseme ni mita 6 kwa 5, na dari iko mita 2.8 juu. Ujazo wake ni mita za ujazo 84. Wauzaji wa Uingereza hugawanya ujazo huo kwa 14 wapate ukubwa wa jiko kwa kilowati. Hapa jibu ni 6.

Kabla hujakimbilia 6, kumbuka kanuni hiyo ni ya watu wanaotaka nyuzi 21 ndani wakati nje ni nyuzi 1 chini ya sifuri. Wao wanavuka tofauti ya nyuzi 22. Njombe, nje ikiwa nyuzi 7 na wewe ukitaka 20, unavuka nyuzi 13 tu. Kwa hesabu hiyo chumba kilekile kinahitaji kilowati 3.5. Kisha ongeza kidogo, kwa sababu nyumba zetu zinavuja: madirisha ya kioo kimoja, milango isiyokaza, na baadhi hazina dari chini ya bati. Kwa sebule nyingi za kawaida, jiko la kilowati 5 linatosha na kubaki.

Mwenye kusema atachukua la kilowati 12 ili awe na akiba anajitafutia taabu. Jiko kubwa katika chumba kidogo litawafanya watu wafungue madirisha, au litabanwa hewa usiku kucha ili lisiwake sana. Moto uliobanwa hauchomi moshi wake. Kioo kinakuwa cheusi, dohani inajaa kriosoti, na jirani anavuta moshi wako. Jiko dogo linalowaka kwa uchangamfu ni safi na lina joto kuliko jiko kubwa linalofuka.

Na kama fedha ni ya kuchagua kati ya jiko kubwa na kuweka dari, weka dari. Joto hupanda, na bati tupu halizuii chochote.

Mbele ya jiko lenyewe

Sasa ndipo twende dukani, au karakana. Beba vipimo vya tundu la meko: upana wa mbele, upana wa nyuma, kimo na kina. Meko nyingi hubana kuelekea nyuma, kwa hiyo upana wa mbele peke yake hudanganya. Jiko linahitaji nafasi pembeni na juu ili hewa ya chumba ipite kati ya maganda yake mawili ya chuma, iingie baridi kwa chini na itoke moto kwa juu. Baadhi yana feni ya kusukuma hewa hiyo. Feni ni nzuri, lakini uliza kama jiko linafanya kazi ipasavyo umeme ukikatika.

Chuma chake ni cha aina mbili. Chuma cha kusubu kinachelewa kupata moto na kinachelewa kupoa, kinafaa kwa anayewasha jioni nzima. Hakipendi kugongwa wala kumwagiwa maji kikiwa cha moto, kwani hupasuka. Jiko la bamba la chuma lililochomelewa hupata moto haraka, linamfaa anayewasha saa mbili tatu. Yote mawili ni mema yakiwa mazito.

Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kutengeneza jiko la bamba, na kumpa kazi fundi wa nyumbani ni jambo la heri. Mwambie bamba la chumba cha moto liwe la milimita 5 au 6. La milimita 2 litapinda na viungo vitaachia. Ndani livishwe matofali ya kuhimili moto. Juu liwe na bamba la kuuzungusha moshi kabla haujaingia shingoni, na liwe la kutolewa ili dohani isafishike. Kigumu kukipata ni kioo. Cha dirisha hupasuka, na hata kile cha kaunta ya duka hakihimili. Kinatakiwa kioo cha seramiki cha majiko. Kama hakipatikani, mlango wa chuma kitupu ni bora kuliko kioo cha kubahatisha.

Ukinunua la kutoka nje, soma kibao kilicho nyuma. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka viwango vipya vya majiko ya kuni kuanzia Januari 2022. Marekani, tangu Mei 2020, jiko jipya haliruhusiwi kuuzwa likitoa zaidi ya gramu 2 za chembe za moshi kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida. Jiko la mtumba lililoondolewa kwenye nyumba ya Ulaya huenda liliondolewa kwa sababu halifikii viwango hivyo, na hapo rahisi huwa ghali.

Jaribu mlango mbele ya muuzaji. Funga karatasi kati ya mlango na fremu, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, kamba ya kuziba imechakaa au mlango umepinda. Rudia pande zote nne. Kamba hubadilishwa, mlango uliopinda uachie palepale dukani.

Siku ya kufunga

Majiko haya huwa na uzito wa kilo 80 hadi 150, mengine zaidi, kwa hiyo sakafu ya meko iwe imara na wabebaji wawe wa kutosha. Kama meko imejengwa kwenye ukuta wa nje, weka nyuma ya jiko ubao wa kuzuia joto usioungua, vinginevyo utapasha ua. Rafu ya mbao juu ya meko ipande au iondoke, kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji. Mbele pawe na vigae au jiwe la kupokea cheche.

Muulize fundi swali hili kabla hajafunika chochote: “Fundi, bomba limefika juu kabisa, au limeishia hapa kooni?” Akuonyeshe kwa macho, chini na juu.

Kisha kuna hewa. Nyumba iliyozibwa vizuri inahitaji tundu la kudumu la kuingiza hewa ya kulishia moto, lisilofunikwa na pazia wala kuzibwa na gazeti. Kanuni za Uingereza hulidai tundu hilo kwa jiko lolote linalozidi kilowati 5, na kwa nyumba mpya zisizovujisha hewa hulidai kwa jiko lolote. Feni ya chumba cha kupikia inayotoa hewa nje isiwashwe kwa nguvu wakati jiko linawaka, kwani inaweza kuurudisha moshi chini.

Mwisho, funga king’ora cha kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na aliyelala haamki kujitetea. Kila kipupwe kuna familia inayokutwa imekufa kwa sababu iliingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Jiko la mkaa halina dohani, na makaa yasiyotoa moshi ndiyo yenye gesi hiyo kwa wingi. Hakuna baridi ya Njombe wala ya Makete inayostahili kulipiwa gharama hiyo.

Baada ya hapo matunzo ni mepesi. Dohani isafishwe walau mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi. Majivu yakae siku kadhaa kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje ya nyumba. Kioo kikipata weusi, chovya gazeti lililolowa kwenye majivu laini yaliyopoa na ukisugue. Majivu yanayong’arisha sufuria yanakitosha.

Nani asinunue

Si kila nyumba inahitaji jiko hili. Mwenye mgonjwa wa pumu ndani, au mtoto mchanga, afikirie joto lisilo na moshi: hita ya umeme ya chumba kimoja, au jiko la gesi la kupachika lenye bomba lake la kutolea nje. Mwenye kuona baridi wiki chache tu kwa mwaka atapata faida zaidi kwa kuziba nyufa na kuweka dari. Anayetegemea kuni za msitu wa asili hana hoja ya kujitetea hata jiko lake liwe bora namna gani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na mapishi ya kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania imejiwekea mkakati wa asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo ni wa mapishi, si wa kuota moto, lakini mapafu hayaulizi moshi umetoka wapi. Anayehangaika kununua gesi ya kupikia kisha akaacha sebule ijae moshi kila jioni amefanya kazi nusu.

Kwa wale wanaobaki, na ni wengi, fedha ikiwa haba gawanya kazi kwa misimu. Mwaka huu safisha dohani, ifanyie jaribio la moshi, ziba nyufa, uchanje kuni za mwakani. Kazi hizo peke yake zitapunguza moshi na hatari, na meko yako ya sasa itawaka vizuri zaidi. Mwaka wa pili pitisha bomba, ukijua kwamba bomba na kazi ya kulifunga vinaweza kukaribia bei ya jiko lenyewe. Mwaka wa tatu nunua jiko, dogo na zito, lenye mlango unaobana karatasi. Ukifuata mpangilio huo kila shilingi inakuwa na kazi tangu siku ya kwanza. Ukiupindua, utakuwa na jiko la thamani lililokaa kwenye dohani mbovu, na familia yako ndiyo itakayolala chini yake.